Barabara Ikibonyea, Chanzo Mara Nyingi Kiko Chini ya Lami

Mvua ikinyesha usiku jijini Nairobi, asubuhi yake barabara nyingi za mitaani katika Kileleshwa, Lavington au Kawangware huonyesha alama inayofanana: mistari miwili mirefu ya maji yaliyotuama, inayofuata njia ya magurudumu. Katikati ya mistari hiyo lami ni kavu. Hakuna shimo wala ufa mkubwa, lakini barabara imebonyea.

Wahandisi huita mabonde hayo mifuo ya magurudumu. Mwanzoni huonekana kama kero ndogo. Baadaye maji yaliyotuama humrukia anayetembea kwa miguu, mwendesha bodaboda huteleza akijaribu kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na lami huanza kupasuka hadi mashimo yatokee. Mkazi anayeona barabara ya mtaa wake imewekwa lami mpya, kisha ikabonyea tena baada ya misimu michache ya mvua, ana haki ya kuuliza pesa zilienda wapi.

Sehemu kubwa ya jibu hupatikana chini ya lami, kwenye matabaka ya kokoto na changarawe ambayo hakuna anayeyaona barabara ikishakamilika.

Barabara ni matabaka

Ukikata barabara ya kawaida ya mtaa utakuta matabaka manne. Juu kabisa kuna lami, ambayo kwenye barabara za mitaani aghalabu huwa na unene wa sentimita 3 hadi 5 tu. Chini yake kuna tabaka la msingi, kisha tabaka la msingi mdogo, na mwisho udongo wa mahali penyewe uliosawazishwa na kushindiliwa.

Tabaka la lami limefungwa: kokoto zake zimeshikana kwa bitumeni. Kwenye barabara kuu, msingi nao huweza kuchanganywa na saruji au bitumeni ili ubebe malori mengi. Lakini kwenye barabara nyingi za mitaa msingi huwa wa kokoto zilizopondwa, changarawe au mawe yaliyopangwa kwa mkono. Hapo hakuna gundi yoyote. Kokoto hushikana kwa sababu zimebanwa, ncha ya moja ikiingia katika pengo la nyingine.

Kazi ya matabaka haya ni kusambaza uzito. Gurudumu la lori hugusa lami katika eneo dogo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima mara kadhaa. Uzito huo ukipita katika msingi mzuri hutawanyika, na unapofika kwenye udongo wa chini huwa umepungua kiasi ambacho udongo unaweza kustahimili. Lami ikiwa nyembamba, kama ilivyo mitaani, karibu kazi yote huangukia kokoto.

Kwamba kokoto hizo huchangia mifuo kwa kiasi kikubwa ni jambo lililopimwa zamani. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, malori yaliendeshwa mfululizo juu ya barabara zilizojengwa kwa ajili ya majaribio. Barabara zilipobonyea, zilichimbwa ili kuona ni tabaka gani lililopungua unene. Kwa wastani, asilimia 32 ya mbonyeo ilitokea kwenye lami, asilimia 14 kwenye msingi, asilimia 45 kwenye msingi mdogo, na asilimia 9 kwenye udongo wa chini. Matabaka mawili ya katikati, yasiyo na gundi, yalibeba asilimia 59 ya tatizo. Viwango hivyo hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine kulingana na udongo na hali ya hewa, lakini funzo lake linafaa Nairobi pia: anayetazama lami peke yake haoni barabara nzima.

Somo la gorogoro

Anayenunua maharagwe Nyamakima anajua kwamba gorogoro iliyojazwa mara moja haijajaa kweli. Muuzaji akiitikisa, maharagwe hushuka na nafasi ya konzi nyingine hupatikana. Hakuna punje iliyopungua. Zimejipanga upya na mapengo kati yao yamepungua.

Kokoto za barabara hufanya hivyo hivyo. Kazi ya rola ni kuitikisa gorogoro kabla barabara haijafunguliwa. Rola isipomaliza kazi, malori, mabasi na matatu huimaliza, ila wao hushindilia katika mistari miwili tu ambapo magurudumu hupita. Mistari hiyo hushuka, na huo ndio mwanzo wa mfuo.

Mambo manne huamua kama tabaka la kokoto litatulia au litaendelea kushuka.

La kwanza ni namna lilivyoshindiliwa. Kokoto humwagwa na kushindiliwa kwa matabaka membamba, kwa kawaida ya takriban sentimita 15 kila moja. Tabaka nene likishindiliwa kwa mkupuo mmoja, juu huwa gumu na chini hubaki legevu, na kwa macho hakuna atakayetambua. Ndiyo maana mhandisi huchimba kishimo kidogo, hupima uzito wa kokoto zilizotoka, kisha hujaza kishimo hicho kwa mchanga maalumu ili kujua ujazo wake. Akigawanya uzito kwa ujazo, anapata jibu.

La pili ni umbo la mawe. Kokoto zilizopondwa zina kona na uso wa kukwaruza, hivyo hukamatana. Mawe ya mviringo huteleza juu ya mengine. Nairobi ina bahati kwa hili, kwa kuwa miamba yake migumu ya volkeno hutoa kokoto zenye kona nzuri zikipondwa vizuri.

La tatu ni mchanganyiko wa ukubwa. Kokoto za ukubwa mmoja huacha mapengo makubwa. Mchanganyiko bora una kokoto kubwa, za wastani na ndogo, kila kundi likijaza mapengo ya lile lililotangulia.

La nne ni vumbi na udongo laini. Vumbi kidogo husaidia kujaza mapengo ya mwisho. Likizidi, kokoto huacha kugusana. Zinaelea ndani ya vumbi kama mawe ndani ya tope, na nguvu ya kubeba mzigo hupotea, hasa likilowa. Kokoto zilizochanganyika na udongo zikiwa kwenye lori hupunguza maisha ya barabara hata kabla hazijamwagwa.

Tabaka lililojengwa vizuri hushuka kidogo katika miezi ya kwanza ya matumizi, kisha hutulia. Lililozidiwa na mzigo au lililolowa halitulii. Kila lori linalopita huliongezea mbonyeo kidogo, na mwishowe mawe ya chini ya gurudumu husukumwa pembeni na barabara huvimba kando ya mfuo.

Maji: rafiki siku ya kujenga, adui baadaye

Mtoto anayejenga nyumba ya mchanga anajua kwamba mchanga mkavu hubomoka, mchanga wenye unyevu kidogo husimama, na mchanga uliojaa maji humiminika. Siku ya kushindilia, mafundi hunyunyizia kokoto maji ya kipimo maalumu ili ziteleze na kukaa sawasawa. Baada ya hapo unyevu mdogo unaobaki huvuta chembe pamoja na kuliongezea tabaka nguvu.

Hali hubadilika mapengo yote yakijaa maji. Gurudumu likikandamiza, maji hayabanwi. Husukuma mawe yaachane. Kwa muda mfupi kokoto hupoteza msuguano unaozishikanisha, nazo husogea. Lori likipita, maji hurudi mahali pake na kusubiri lori linalofuata. Barabara ile ile iliyobeba malori hayo miezi yote ya kiangazi bila shida inaweza kubonyea katika wiki chache za masika, kati ya Machi na Mei, au za vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, maji yalipokwisha kuondoka juu ya lami, yaliyoingia chini yalihitaji muda mrefu zaidi kukauka.

Maji huingia kwa njia nyingi: nyufa za lami ambazo hazikuzibwa mapema, mabega ya barabara yasiyofunikwa, mitaro iliyoziba kwa taka na mchanga, mabomba ya maji na ya majitaka yanayovuja, na hata biashara ya kuosha magari inayofanyika siku nzima mahali pamoja kando ya lami. Mfuo wa upande wa nje, ulio karibu na mtaro, mara nyingi huwa na kina zaidi kuliko wa ndani kwa sababu unyevu wa pembeni huanza kulowesha barabara kutokea hapo.

Ndiyo maana miongozo ya ujenzi wa barabara katika nchi za joto hupendekeza katikati ya barabara pawe juu ya sakafu ya mtaro kwa angalau sentimita 75. Mtaro uliojaa mchanga hadi usawa wa lami umekoma kuwa mtaro. Umekuwa bakuli la kuhifadhia maji kando ya msingi.

Mzigo mmoja mzito hushinda elfu nyepesi

Majaribio yale ya Illinois yalitoa pia kanuni ambayo wahandisi bado huitumia kukadiria: uharibifu huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Uzito ukiongezeka maradufu, uharibifu huzidishwa mara 16. Ekseli ya lori yenye tani 10 huharibu barabara takriban sawa na ekseli 10,000 za tani moja moja, uzito unaokaribiana na wa ekseli ya gari kubwa la familia.

Hesabu hii ina maana ya pekee katika mitaa ya magharibi. Kilimani, Kileleshwa na Lavington zilijengwa kwanza kama mitaa ya nyumba chache zenye bustani kubwa, na barabara zake za ndani zilitarajiwa kubeba magari madogo. Leo ploti nyingi zina majengo marefu ya makazi, na kila jengo huja na malori ya mawe, mchanga, vyuma na zege. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban tani 2.4. Lori linalobeba mita 7 limepakia karibu tani 17, bila kuhesabu uzito wa lori lenyewe. Jengo moja likimalizika, jingine huanza upande wa pili wa barabara.

Upana nao huchangia. Magari yakiegeshwa pande zote mbili, malori hulazimika kupita katika mistari ile ile kila siku, na mbonyeo ambao ungetawanyika hukusanyika mahali pamoja.

Katikati ya jiji mzigo una sura nyingine. Mabasi na matatu husimama, huondoka na hukata kona mahali pale pale mamia ya mara kwa siku, kama inavyoonekana kwenye vituo vya Barabara ya Tom Mboya na Ronald Ngala. Pale palipotandikwa kabro, matofali hukaa juu ya mchanga mwembamba na msingi wa kokoto. Kabro zikishuka katika mistari ya magurudumu, zenyewe huwa bado nzima. Kilichoshuka ni mchanga na kokoto zilizo chini yake.

Kwenye barabara kuu za ukanda wa kaskazini, kama Waiyaki Way, malori hufungwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 kuhusu uzito wa magari. Ekseli moja yenye magurudumu manne isizidi tani 10, na gari zima lisizidi tani 56. Ndani ya mitaa hakuna mizani kila kona, hivyo uamuzi wa mwenye mradi wa ujenzi na dereva wake una uzito mkubwa.

Udongo mwekundu, udongo mweusi

Nairobi huteremka kutoka magharibi kwenda mashariki. Mito ya Nairobi, Mathare, Ngong na vijito vya Kirichwa hufuata mteremko huo. Jina la jiji hutokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na kambi ya reli iliyofika hapa 1899 iliwekwa kwenye nyanda zilizokuwa na majimaji. Maji ya mvua yanayoanguka Dagoretti au Kangemi yana safari yao, na katikati ya jiji ipo njiani.

Sehemu kubwa ya magharibi ina udongo mwekundu wenye kina. Udongo huu hupitisha maji vizuri na ukishindiliwa huwa msingi wa kuaminika. Udhaifu wake huonekana kwenye miteremko: mvua kubwa hung'oa bega la barabara, na udongo uliong'olewa huishia kwenye mtaro wa walio chini.

Kuelekea mashariki na kusini, na katika mabonde ya hapa na pale, kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Wakati wa kiangazi hupasuka. Mvua ya kwanza huingia ndani ya nyufa hizo. Mwongozo wa Kenya wa usanifu wa barabara wa 1987 uligawa udongo wa chini katika madaraja sita kulingana na uwezo wa kubeba mzigo, kuanzia S1, lenye kipimo cha asilimia 2 hadi 5 tu ya kokoto bora za kulinganishia, hadi S6, linalozidi asilimia 30. Udongo dhaifu huhitaji kuondolewa, kuchanganywa na chokaa, au kufunikwa kwa matabaka mazito zaidi. Barabara mbili zinazofanana kwa juu zinaweza kuwa na gharama tofauti kabisa kwa sababu hiyo.

Jinsi chanzo kinavyotambuliwa

Kupima mifuo si jambo geni nchini. Kati ya 1971 na 1974 utafiti mkubwa kuhusu gharama za uchukuzi barabarani ulifuatilia jinsi barabara za lami na za changarawe za Kenya zinavyochakaa, na matokeo yake yakatumika baadaye kutengeneza mifumo ya kupangia barabara katika nchi nyingine.

Kifaa cha kwanza ni rahisi: ubao ulionyooka wa mita 2 unalazwa kukatiza barabara, na kina cha mfuo hupimwa chini yake. Kwa kawaida milimita 10 huchukuliwa kuwa onyo na milimita 20 kuwa hali mbaya.

Umbo la mfuo huongeza ushahidi. Mfuo mwembamba wenye matuta madogo ya lami pembeni yake mara nyingi hutokana na lami iliyolainika kwa joto na mzigo. Mfuo mpana, wa kina kidogo, unaoshuka taratibu kama karai, huelekeza macho chini, kwenye kokoto au udongo.

Kisha hufuata fimbo ya chuma yenye ncha. Nyundo ya kilo 8 huangushwa kutoka kimo cha milimita 575 na kuisukuma fimbo hiyo ardhini. Ikizama kidogo kwa kila pigo, tabaka ni imara. Ikizama haraka, tabaka ni legevu au limelowa, na mhandisi anajua ni kwa kina gani tatizo linaanza.

Kwa nini lami mpya peke yake haitoshi

Kutandaza lami juu ya msingi uliolowa ni sawa na kutandika zulia juu ya sakafu yenye maji. Itapendeza kwa msimu mmoja. Ukarabati wa kudumu hufuata mpangilio: kwanza maji yaondolewe kwa kufungua au kujenga mitaro na kuziba mabomba yanayovuja, pili msingi ulioharibika uchimbwe na kujengwa upya, tatu ndipo lami iwekwe.

Kazi hiyo hufunga barabara kwa siku nyingi zaidi na hugharimu zaidi kwa kila mita. Mkazi anayepita na kuona mtaro ukichimbwa kwa wiki mbili kabla ya lami kuonekana hapaswi kudhani kazi imekwama. Hiyo ndiyo sehemu itakayoamua kama lami itadumu.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, barabara za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti, na barabara kuu za kitaifa ni la serikali ya kitaifa, ambayo huzisimamia kupitia mamlaka zilizoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007, zikiwemo KeNHA na KURA. Maji hayatambui mpaka huo. Mtaro wa barabara moja ukiziba, msingi wa barabara jirani hulowa.

Mkazi anaweza kufanya nini

- Kutotupa taka, mchanga wa ujenzi au majani ya bustani ndani ya mtaro, na kutofunika mtaro mbele ya lango bila kalvati ya kupitisha maji.
- Kuripoti mapema bomba linalovuja. Kijito kidogo kinachotiririka mwezi mzima kinaweza kudhoofisha msingi kuliko mvua moja kubwa.
- Kuomba kibali kabla ya kukata barabara ili kupitisha bomba au waya, na kuhakikisha mtaro unajazwa na kushindiliwa kwa matabaka membamba. Udongo uliomwagwa wote kwa pamoja utashuka.
- Mwenye mradi wa ujenzi kuhakikisha malori yake hayazidishi mzigo, na kupunguza safari nzito wakati barabara imelowa.
- Kuosha magari mahali penye sakafu na njia ya maji, mbali na ukingo wa lami.
- Kuripoti nyufa kwenye ofisi ya wadi kabla ya masika. Kuziba ufa ni kazi ya saa chache. Kujenga msingi upya ni kazi ya wiki.

Jaribio moja halihitaji mhandisi. Mvua ikikatika, mkazi asubiri saa moja, kisha atazame barabara ya mtaa wake. Maji yakiwa yamebaki katika mistari ya magurudumu, barabara imeanza kubonyea. Kisha atazame mtaro. Ukiwa nao umejaa maji yasiyokwenda popote, huenda chanzo ameshakiona, na hapo ndipo taarifa yake kwa ofisi ya wadi inapaswa kuanzia.